Mitende Majike ya Ibra

Vumbi jeupe lilikuwa likiruka mjini Ibra asubuhi ile, vumbi la mitende dume, na nyuki wakilivamia kwa uchu. Kwa dume tu walikwenda. Majike yalisimama kando, makarara, yale maganda ya maua, yamepasuka, maua yako wazi, na nyuki hata mmoja hakuyatazama, kwani hayana unga wa kuwapa. Mtende jike hungoja mkono wa mtu.

Na Mahfoudha alingoja. Mumewe Ishak, aliyeichavusha mitende hii kila mwaka, yuko kaburini. Eda imekwisha. Shemeji yake Obaid, aliyeitamani bustani ile, amewakataza wakwezi wote wa mtaa wasimsaidie. Kila akimwendea, jibu ni lile lile.

"Subiri, shemeji. Mwanamke hakwei."

Subiri! Ua likicheleweshwa huzaa vitende vikavu, visivyo na kokwa, vya kutupiwa mbuzi. Subiri, bustani ife, kisha watu waseme mjane kashindwa! Alitoka Unguja bibi harusi, akalima, akamwagilia, akachuma kwa mikono hii hii. Leo ndiyo imekuwa mikono ya kike?

Hasira ikampanda. Akavaa suruali ya marehemu chini ya kanga, akaizungusha kamba shinani na kiunoni, akakwea. Miiba ikamchana, akakwea.

Obaid akaja mbio, kanzu kaishika mkononi.

"Mahfoudha! Shuka! Wallahi unatuaibisha, watu wanatazama!"

"Watazame! Ulikuwa na mikono, ukaikunja. Mungu kaumba dume na jike vizae. Wewe nani uvitenganishe?"

Akachomoa kiunoni vishada vya maua dume alivyovikata mapema, akavichomeka ndani ya ua jike, akavifunga kwa ukuti, akahamia mtende wa pili, na wa tatu, mpaka jua likawa utosini na hakuna jike lililobaki likingoja.

Kiangazi tende zikajaa, nyekundu, nzito, vichala vikainama. Obaid akaja na kapu, anachekacheka kama aliyesahau. Mahfoudha hakucheka.

"Rudi nalo," akamwambia.

Akarudi nalo tupu. Nyuma yake, mlangoni mwa bustani, alikuwa amesimama Kaltham, mjane wa nyumba ya pili.

"Tende zangu mimi zimekauka zote, dada. Shemeji zangu nao waliniambia nisubiri. Nifundishe kukwea."

Mahfoudha alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, na hasira yake haikupoa, ilipata mwenzake.

"Vua viatu," akasema.