Pigo la Bure

Shadya alikuwa ameapa: siku kitabu kipya cha sheria kitakapowekwa mezani, yeye na mchezo basi. Jumapili hii kimewekwa, na yeye yupo, kanuna mdomo huo! Angeondokaje? Binti Radi wake yuko vitani, na mtu humwachi mwanao vitani eti kwa sababu umenuna.

Binti Radi ni shujaa wa kwenye karatasi. Shadya amemlea miaka sita kwa dadu na penseli, ghorofani juu ya duka lake la zipu na vifungo pale Msimbazi. Shujaa akifa, karatasi yake inachanwa. Ndiyo sheria ya meza yao, haina rufaa.

Na sasa amebakiza uhai wa pigo moja tu. Kifungo chekundu, ambacho ndiye yeye, kimebanana na kifungo kikubwa cha koti, ambacho ndicho zimwi.

"Zamu yako, Shadya," akasema Elibariki, fundi simu anayeendesha mchezo. Mazimwi yote ni yake, na huruma hana.

"Pole, dada'ngu," Goodluck, mchezaji mwenzake, akadakia. "Ukisimama unakufa. Ukikimbia unakula pigo la bure, unakufa. Nikuchanie kabisa?"

Huyo Goodluck hana adabu, lakini hakusema uongo. Toleo la zamani ndivyo lilivyokuwa: ukimpa adui kisogo, anakuchapa bure. Kwa hiyo vita vyao vyote vilikuwa kusimama tu na kutwangana mpaka mmoja adondoke. Bakili, mwenzao mwingine mezani, kapoteza mashujaa watatu hivyo hivyo.

Shadya akavuta kile kitabu kwa hasira, nia yake atafute kosa akiseme vizuri. Akasoma. Akarudia.

"Eli, hapa wanasema pigo la bure si la kila mtu. Ni la yule tu aliyeandikiwa uwezo huo."

"Eeh."

"Zimwi lako limeandikiwa?"

Elibariki akafunua daftari lake la mazimwi. Akafunua tena. Akajikuna shingo.

"Halikuandikiwa."

"Weee!" Bakili akaruka mpaka kiti kikaanguka.

Toleo jipya linampa kila mmoja matendo matatu kwa zamu. Shadya akayamaliza yote miguuni, kifungo chekundu kikatimua mpaka ukingoni mwa meza. Zimwi likamfuata, lakini nalo likala matendo mawili kwa kutembea, likabaki na pigo moja badala ya matatu. Dadu ikazunguka, ikagonga glasi ya juisi, ikalala. Mbili! Limepiga hewa!

Wacha meza ilipuke! Shadya, aliyenuna tangu adhuhuri, yuko juu ya kiti, mtandio umeshamdondoka, machozi yanamtoka na anacheka.

"Mmesimama nini? Bakili, toka hapo, zunguka nyuma! Goodluck, hama, acha kuganda! Miaka sita tunapigwa tumesimama, jamani! Miaka sita!"

Vifungo vikaanza kutembea, huyu huku, yule kule. Elibariki akashika dadu, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kucheza, hakujua ampige nani.