Damu ya Manyanda

Kabati la chuma katika ofisi ya mradi wa kuua mbung'o pale Mpanda lilikuwa na ufunguo mmoja tu, na ufunguo huo ulining'inia shingoni kwa Zefania kwa kamba ya kiatu. Miaka kumi na mitatu. Mkewe, kule Ilembo, alikuwa akimwambia atazikwa nao.

Mwaka huo wa tisini na sita Zefania alikuwa amechoka mpaka kwenye kope. Mradi ulikuwa unafungwa. Wafadhili walishaondoka, magari yalishagawiwa, na Ijumaa lori lilikuwa linakuja kubeba makabati kuyapeleka makao makuu, Dar es Salaam. Yakifika huko yatatupwa stoo, na hakuna atakayeyafungua mpaka mchwa wamalize kazi yao. Kila mtu alijua hivyo.

Jumanne asubuhi alikuwa anafunga mafaili kwa kamba ya katani, akasikia mwanamke anabishana na mlinzi nje.

"Sisi si wageni hapa! Huyu mtu amebeba bomba la ofisi hii mpaka mgongo ukaota sugu. Sogea huko!"

Aliingia Luhende, na nyuma yake mkewe Nyanzala, amemshika kiwiko. Walikuwa wametoka Kasekese juu ya lori la mahindi, vumbi limewakaa hadi kwenye nyusi. Luhende alikuwa mpiga dawa wa mradi kwa misimu sita. Kila kiangazi aliingia msituni na bomba mgongoni, akinyunyizia mashina ya miti wanakojificha mbung'o. Wakati ule alikuwa mtu wa kubeba gunia peke yake. Sasa shati lilimpwaya.

"Karani! Bado hujafa?"

"Nakusubiri utangulie, we Msukuma. Kaa hapo."

Walicheka kidogo, kisha Zefania akaiona mikono. Ilikuwa inatetemeka, siyo kama ya mlevi, ila kama kitu kilichounganishwa na mashine. Luhende akaikalia ili isionekane.

Nyanzala ndiye aliyeeleza. Miaka mitatu sasa mume wake anaanguka. Mara ya kwanza alianguka zizini, katikati ya ng'ombe, povu likamtoka. Majirani wakasema mashetani. Kaka zake wakasema amerogwa kwa ajili ya malisho. Hospitali wakasema kifafa, wakampa vidonge, akaendelea kuanguka. Mwisho walifika kwa daktari mmoja Tabora. Huyo aliuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: ulikuwa unafanya kazi gani?

"Akasema hivi," Nyanzala alisema, akihesabu kwa vidole. "Tumletee karatasi za kazini. Ni dawa gani aliyokuwa anapiga, siku ngapi, na damu yake ilisemaje. Akasema bila hizo anatibu kwa kubahatisha, na kubahatisha kwenyewe amechoka. Tunatakiwa kwake Jumatatu. Treni ni Alhamisi. Sasa tupe."

Zefania akainua macho kwenye mlango. Waraka ulikuwa umebandikwa pale tangu miaka miwili iliyopita, jua limeubabua. Mwenyewe ndiye aliyeupiga taipu. Ulisema mfanyakazi, hata aliyeacha kazi, anaweza kusomewa na kunakiliwa kumbukumbu zake za afya akiomba kwa maandishi. Zake tu, si za mwenzake. Tangu ubandikwe hakuja hata mmoja. Watu walidhani ni mtego.

Akaandika ombi, Luhende akatia dole gumba, likatoka limepepesuka kwa sababu ya ule mtetemo. Zefania akalipeleka kwa mkuu wa kituo, Bwana Gaudensi, aliyekuwa amepiga magoti sakafuni akipanga vitabu kwenye maboksi.

"Kadi ya afya ni yake, mpe," Gaudensi alisema bila kugeuka. "Daftari la dawa hapana."

"Mkuu, kadi haina jina la dawa wala siku. Hayo yote yako kwenye daftari."

"Na kwenye daftari kuna majina ya watu wote. Ukimfungulia yeye unamwonyesha na ya wenzake. Waraka unasema zake tu. Zefania, nimebakiza wiki tatu hapa. Usinitafutie barua ya kujieleza."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto sita na hakujua mwezi ujao atapangiwa wapi, kama atapangiwa.

Zefania akarudi, akafungua kabati, akatoa kadi ya Luhende. Ilikuwa ya kijani, imeliwa pembeni na mende. Hapo ndipo alipoanza kujisikia vibaya, maana alijua kilichomo kabla hajasoma. Akasoma hivyo hivyo.

"Machi themanini na saba, damu salama. Oktoba, salama. Machi themanini na nane, salama. Oktoba, salama. Themanini na tisa, salama mara mbili."

Luhende alikuwa anatazama sakafu.

"Salama?" Nyanzala akauliza. "Mtu mwenye damu salama ndiye anayeanguka kwenye moto wangu wa kupikia? Ndiyo karatasi ya kumpelekea daktari hiyo?"

Wanaume wawili wakatazamana. Zefania akangoja mwenzake aseme. Mwenzake akangoja yeye.

"Baba Minza," Nyanzala akasema taratibu, "mbona mnatazamana kama watu walioiba mbuzi?"

"Ile damu si yangu," Luhende akasema. "Ni ya Manyanda."

Ikabidi aeleze. Kuanzia themanini na saba, mara mbili kwa mwaka bwana maabara alikuwa anafika kambini na sindano na vichupa, kupima kama sumu ya dawa imeingia kwenye damu yao. Kambini kulikuwa na habari kwamba damu ile inauzwa, na kwamba mtu akitolewa mara nyingi nguvu za kiume zinakwisha. Luhende hakuogopa simba, lakini sindano ile aliiogopa, na hakuwa peke yake. Wapiga dawa watano walikwenda kwa Manyanda, mpishi wa kambi, ambaye kutolewa damu hakukumsumbua hata kidogo. Manyanda akakubali kujipanga kwenye foleni kwa majina yao. Akabadilisha kofia, mara shati, akatoa mkono wa kulia, akatoa wa kushoto. Bwana maabara hakumjua mtu.

"Bure tu?" Nyanzala akauliza. "Manyanda huyu ninayemjua mimi, atoe damu bure?"

Luhende akajikohoza. "Maziwa."

"Maziwa gani?"

"Mpiga dawa alikuwa anapewa kopo la maziwa kila wiki, ya kuosha sumu. Tulikuwa tunampa yeye."

Nyanzala akasimama. Akaketi tena. "Uliniambia maziwa hayaji! Nina mtoto mgongoni amekauka kama ubua, nakuuliza, unaniambia serikali imekata maziwa! Kumbe mnamnenepesha Manyanda!"

"Nilijua utanicheka."

"Ningekucheka, ndiyo! Ningekucheka ukiwa mzima!"

Akaanza kulia kwa hasira, bila sauti, akijifuta kwa ncha ya khanga. Luhende aliutoa mkono mmoja chini ya paja ili amguse, mkono ukampiga piga begani kama mtu anayebisha hodi, akaurudisha.

Zefania alikuwa bado ameshika kadi. Mpishi. Manyanda hakuwahi kulivaa bomba hata siku moja. Kazi yake ilikuwa ugali na maharage. Ndiyo maana kila kichupa kilirudi salama. Na kulikuwa na jambo ambalo Luhende, kwa heshima tu, hakulisema mbele ya mkewe.

"Mama Minza," Zefania akasema, "aliyekuwa anaita majina kwenye ile foleni ni mimi."

Mwanamke akamtazama.

"Nilimwona. Naita Luhende, anakuja Manyanda. Naita Malale, anakuja Manyanda. Mvua ilikuwa inataka kunyesha, gari lilikuwa liondoke, na hawa wengine walishakimbilia porini. Nikaandika. Mara ya pili nikaandika tena. Baadaye ikawa ndiyo utaratibu."

"Mungu wangu," Nyanzala akasema. "Na nyie ndio mnaoshika funguo."

Kuwapa kadi ile peke yake ilikuwa mbaya kuliko kuwanyima. Daktari angesoma neno "salama" mara sita, angeachana kabisa na habari ya sumu, na Luhende angerudishiwa vidonge vya kubahatisha mpaka siku atakapoangukia pabaya. Akawaambia warudi kesho saa tisa mchana. Walikuwa na ndugu mjini wa kuwalaza.

Kisha akatoa madaftari ya dawa, yote sita, makubwa kama mageti. Kila ukurasa siku moja: tarehe, eneo, jina la dawa, idadi ya madebe, halafu majina ya waliobeba mabomba. Akachukua karatasi ndefu, akaweka kaboni, akaanza kunakili. Tarehe, dawa, Luhende. Majina ya wengine akayaruka. Jina la dawa lilikuwa la kigeni na refu, akalinakili herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza, asije akakosea kitu ambacho daktari anakitegemea. Jioni alifunga akiwa amemaliza vitabu viwili na nusu. Kidole cha kati kilikuwa kimebonyea.

Jumatano akafika kabla ya mlinzi. Saa nane mchana alikuwa amemaliza. Siku mia tano sabini na tatu. Alihesabu mara mbili, kwa sababu hakuamini kwamba mtu anaweza kubeba kitu kile siku zote hizo akavaa kitambaa cha mkewe puani na kuambiwa kinatosha.

Akachukua karatasi nyingine. Hiyo ilikuwa fupi, lakini ilimchukua muda kuliko ukurasa wowote. Aliandika kwamba yeye, Zefania, karani wa mradi, aliandika jina la Luhende kwenye vichupa vya damu ya mtu mwingine, mpishi asiyegusa dawa, akijua; kwa hiyo majibu yaliyo kwenye kadi si ya Luhende na yasitumiwe kumtibu.

Gaudensi akamkuta anaisoma. Akaichukua, akaisoma yeye, akazisoma na zile ndefu.

"Nani amekuruhusu?"

"Ni zake tu, mkuu. Kila mstari ni wake. Mwenzake humwoni hapo."

Gaudensi akapitisha kidole kurasa zote, akitafuta jina la pili. Hakulipata. Akafungua droo, akatoa muhuri, akagonga kila ukurasa wa zile ndefu, taratibu. Alipofika kwenye ile fupi, akaisukuma pembeni.

"Hii sigongi. Hii ni yako. Na ukiitoa, itabidi niyaandikie makao makuu. Hutapata barua ya kusema ulikuwa karani mwema. Miaka hamsini kasoro unayo, nani atakuajiri?"

"Hakuna."

"Basi ichane."

"Andika tu, mkuu," Zefania akasema. "Mimi nishachoka kuibeba."

Akatia sahihi, akaandika na namba yake ya kazi chini, na jina lake kwa herufi kubwa.

Saa tisa walikuja. Akamsomea Luhende yote, kwa maana waraka ulitaka asomewe. Luhende alisikiliza tarehe kama mtu anayesomewa majina ya waliokufa. Mwisho akauliza, "Manyanda yuko wapi siku hizi?"

"Ikola. Anafanya biashara ya dagaa. Wanasema ana shingo kama ya fahali."

"Si ndio maziwa yangu hayo," Luhende akasema, na Nyanzala, bila kupenda, akacheka. Akazikunja karatasi, akazifunga ndani ya kitambaa kifuani. Mlangoni mwanamke akageuka.

"Karani. Wengine walikuwa wanne, si ndiyo?"

"Wanne."

"Na wao wanajua kuna karatasi?"

Wakaondoka polepole, mke ameshika kiwiko. Zefania akaviangalia vile vitabu sita. Malale, Maduhu, na wawili wa kule Karema. Hakuna aliyeomba. Waraka ulisema aombe mwenyewe, kwa maandishi. Lori lilikuwa linakuja keshokutwa asubuhi.

Akaichonga penseli kwa wembe, akaweka kaboni, akafungua kitabu cha kwanza, ukurasa wa kwanza, akaanza kumtafuta Malale.