Sauti ya Kwenye Nguzo

Thục alikuwa na maoni juu ya kila kitu kilichopanda jukwaani, na mdomo wake haukuwa na breki. Katika duka alikouza diski na kanda, mtaa wa Bolsa wa Wavietnamu wa California, wateja walimchokoza makusudi. Mama mmoja angeingia kuulizia toleo jipya la Mây Vàng, lile onyesho la nyimbo, vichekesho na mavazi ambalo halikosekani katika sebule ya Mvietnamu yeyote kuanzia California hadi Paris, akasema tu, "Safari hii wameweka na hip hop," kisha akaegemea kaunta kusubiri. Thục angewaka hapo hapo. Hiyo si hip hop, angesema. Hao ni vijana waliovalishwa kofia zenye lebo ya dukani bado, wanarukaruka nyuma ya mwanamume wa suti nyeupe anayesoma mistari kama anasoma bili ya umeme. Na hata kusoma hasomi, midomo anaichezesha tu, sauti iko kwenye tepu. Emsii hafanyi pleibeki. Emsii akikosea, akosee mbele za watu.

Kumbe onyesho lenyewe alilipenda hadi basi, na hilo ndilo lililomnyima raha. Alijua gauni gani lilivaliwa toleo gani, na nani alilia kweli na nani alitiwa matone machoni. Kuna watu wakipenda kitu hukiacha kipumue. Yeye akikipenda alikipekua, akakikosoa, akakitetea, huku mguu wake ukitikisika chini ya kiti, na mama yake akimkemea kwamba msichana anayetikisa mguu anajimwagia riziki.

Maoni yake yaliyochekwa kuliko yote yalihusu vọng cổ, uimbaji ule wa kusini ambao kina mama hawaushibi. Mwimbaji huanza kwa maneno matupu, bila mdundo. Huyafululiza, akayapandisha, pumzi ikakaribia kumwisha, kisha akaitua silabi ya mwisho mahali pake, na kipande cha mbao kikagonga. Hapo ukumbi mzima hupiga makofi, hata aliyekuwa akisinzia. Sasa hiyo na kuchana mistari kuna tofauti gani? Thục angeuliza. Si mtu yule yule, kabeba maneno mengi kuliko pumzi yake, na anayatua bila kumwaga hata moja? Mama yake, Bi Liễu, alikuwa na jibu lake. Tofauti ni kwamba mwimbaji wa vọng cổ hufunga mkanda wa suruali.

Basi ukaja mwaka ambao Mzee Thụy, prodyuza wa Mây Vàng, aligutuka kwamba wateja wake wanazeeka na wajukuu hawanunui. Akasikia habari za kijana anayechana kwa Kivietnamu kwenye maegesho ya mikahawa ya Garden Grove, akamwita. Kijana huyo alikuwa Nghĩa, mdogo wake Thục. Alipewa dakika tatu, kipaza sauti kikiwa wazi, bila pleibeki, kwa sharti moja. Kama ukumbi ungepoa, kipande chake kingekatwa kisitokee kwenye diski, na mambo ya hip hop yangeishia hapo. Thục hakulala vizuri tangu siku hiyo. Miaka yote alikuwa anadai wapewe nafasi, sasa wamepewa, na kama ingeharibika asingekuwa na la kusema tena katika duka lile.

Mdundo wenyewe ulitokana na yeye. Kwenye mnada wa vitu vikuukuu uwanjani mwa kanisa alikuta santuri moja isiyo na gamba, karatasi ya katikati imebanduka, ndani yake mwanamke anaimba kwa sauti iliyomsimamisha nywele. Lafudhi ilikuwa ya kaskazini, lakini hilo halikumshtua. Waimbaji wengi wa Saigon ya zamani walikuwa watu wa kaskazini waliohamia kusini. Alimpelekea Nghĩa. Nghĩa akanyofoa mwito mmoja tu, "ơi" ndefu inayopanda ikashuka, akaufunga kwenye kitufe kimoja cha mashine yake ndogo. Wimbo wote, uliomhusu marehemu baba yao, ulijengwa kuufikia mwito ule. Alifanyia mazoezi gereji, na spika za masikioni, ili mama asikie kwa mara ya kwanza siku ya siku.

Siku ya siku Nghĩa alitangulia ukumbini asubuhi. Thục alikuwa hakai, hasimami. Alipiga pasi nguo iliyokwisha kupigwa pasi, akafungua friji akafunga bila kutoa kitu. Bi Liễu alikuwa mezani jikoni anachambua machipukizi ya choroko. Mwishowe Thục aliona uvumilivu umemshinda, akachomeka kanda ya mdundo kwenye redio ya jikoni, apate tu kusikia.

Ngoma zilipita vizuri. Sauti ya mwanamke ilipoingia, mikono ya Bi Liễu ilisimama.

"Zima."

Thục alipunguza.

"Nimesema zima, sijasema punguza. Umemtoa wapi huyo?"

Thục alimweleza habari za mnada na santuri. Alisema ni mwimbaji wa Saigon wa zamani, yaelekea mhamiaji wa kaskazini, walikuwa wengi.

"Walikuwa wengi," Bi Liễu alisema. "Huyu hakuwa mmoja wao."

Akasimulia akiwa ameyakodolea macho machipukizi. Vita vilipokwisha, wenye nchi wapya, wakomunisti wa kaskazini, walifunga spika kwenye nguzo ya umeme mbele ya nyumba yao kule Mỹ Tho, kusini. Kila alfajiri iliwatoa kitandani: taarifa, mazoezi ya viungo, kisha mwanamke huyu, akiimba jinsi nchi ilivyojaa furaha. Mumewe wakati huo alikuwa kambini msituni, anafundishwa upya kwa jembe, na yeye hakujua kama mtu huyo yu hai. Alirudi baadaye na kikohozi ambacho hata daktari wa Marekani hakukiweza.

Thục alijitetea kwamba ni "ơi" moja tu, haina hata neno.

"Watakaokaa mistari ya mbele hawahitaji neno. Watamjua kabla hajavuta pumzi ya pili."

Na Thục alijua hilo ni kweli. Mwaka juzi mwoka mikate mmoja alitundika kalenda aliyopewa bure na muuza samaki, na kwenye mwezi wa tisa kulikuwa na bendera nyekundu yenye nyota ya wakomunisti, ndogo kama ukucha. Watu walisimama mlangoni pake na bendera zao za njano za kusini ya zamani mpaka akafunga duka. Yule alikuwa ametundika kalenda tu. Nghĩa alikuwa anakwenda kuipandisha jukwaani sauti iliyowaamsha kwa nguvu miaka ile, mbele ya wajane na maafisa wa zamani wa jeshi la kusini waliovalia tai, tena ndani ya wimbo wa baba.

Alimpigia simu. Ilikuwa imezimwa, maana Mzee Thụy huwanyang'anya wasanii simu siku ya kurekodi. Bi Liễu alikwisha inuka. Alivaa áo dài yake ya zambarau, ile kanzu ndefu ya sherehe, akajipaka mafuta ya kijani ya kuchua kwenye panda za uso, akaitoa ile kanda redioni na kuitia mkobani kama anaificha isionwe na jirani. Njiani Thục alipiga vidole kwenye usukani, akahama mstari wa kulia, akahama wa kushoto, mpaka mama yake akamwambia aendeshe kama mtu aliyempakia mzazi.

Nyuma ya jukwaa palinuka dawa ya nywele na pamba zilizoungua pasi. Nghĩa alikuwa kwenye kona, mashine mapajani. Thục alimweleza yote kwa pumzi moja. Nghĩa alimtazama kana kwamba dada yake amepandisha homa.

"Wewe ndiye uliyeniletea," alisema. "Ukasema hii ndiyo roho ya wimbo."

"Nilisema."

"Halafu leo unataka niitoe roho. Mistari yote inapanda kufika hapo, dada. Nikimwondoa, linabaki tobo. Nitasimama kwenye tobo nafanya nini, nipungie watu mkono?"

"Hata hivyo mwondoe."

"Baba mwenyewe asingejali. Angesema sauti ni sauti."

"Baba hayuko ukumbini. Mama yuko, mstari wa tatu."

Nghĩa alishusha macho akafuta vumbi ambalo halikuwapo kwenye vitufe. "Nitaona," alisema.

Mzee Thụy alipita akiwa na miwani kichwani, akauliza kama vijana wako tayari. Thục alifungua mdomo. Kama angemwambia, kipande kingefutwa papo hapo, mama angenusurika, na Nghĩa asingeitwa tena hapo maisha yake yote. Asipomwambia, kila kitu kilikuwa chini ya kidole cha kijana wa miaka ishirini na moja.

"Tuko tayari, anko," alisema.

Alirudi kukaa kando ya mama yake. Washereheshaji wawili walitaniana muda mrefu kuliko wimbo wowote. Akaja mwimbaji wa kike juu ya daraja la mianzi la mapambo, katikati ya moshi wa mashine, wakaja wachekeshaji, na Thục, ambaye siku nyingine angekuwa na neno kwa kila mmoja, hakumwona hata mmoja. Mguu ulitikisika. Bi Liễu aliushika gotini kwa mkono mmoja na hakuuachia.

Nghĩa alitoka amevaa shati jeupe la kawaida, kofia hana. Bibi wa kiti cha jirani alikunja mikono, akamnong'oneza mwenzake kwamba sasa ndiyo wakati wa kwenda msalani. Ngoma zikaanza, nzito na za polepole, akaanza kuchana kwa lafudhi ya Mỹ Tho aliyoirithi mezani. Alisimulia mtu aliyetengeneza televisheni za watu na yake ikawa mbovu. Alisimulia mtu anayekohoa kila mchekeshaji anapofika kwenye utamu, watoto wakimzomea, mpaka siku moja utani ukafika mwisho kimya, na kila neno likasikika. Bibi wa jirani hakwenda msalani.

Kisha ikaja ile sehemu. Nghĩa alianza kufululiza, maneno yakipanda moja juu ya jingine, hapumui, shingo imevimba mishipa. Mkono wake wa kushoto ulikwenda kwenye mashine, na Thục aliona kidole kikisimama juu ya kitufe. Alimtazama mama yake. Bi Liễu alikuwa amefumba macho na kukaza mwili, kama mtu anayesubiri sindano. Thục akarudisha macho jukwaani, akamwona Nghĩa anatazama mstari wa tatu.

Silabi ya mwisho ilikuwa "ba", baba. Aliitua taratibu mahali pake. Kidole hakikushuka. Ngoma zikaendelea zenyewe, na tobo likawa wazi, kubwa, na kijana kasimama katikati yake hajui aweke wapi mikono.

Ukumbi ukapiga makofi.

Hawakuamua. Mikono yao iliamua. Miaka hamsini mikono hiyo ilikuwa imezoea kwamba mtu akibeba maneno hivyo na kuyatua hivyo, hupigiwa makofi. Bibi wa jirani alipiga, wazee wa tai walipiga, Bi Liễu alipiga bado amefumba macho. Makofi yalilijaza tobo lote. Nghĩa alishtuka mno akachelewa kuingia ubeti wa pili, akameza mstari mzima mbele za watu, na Thục alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, maana ndivyo alivyodai siku zote. Mwisho wa wimbo Mzee Thụy alitokea pembeni ya pazia, akamwashiria mpiga picha kwa kichwa. Kipande kinabaki.

Onyesho lilipokwisha jua lilikuwa bado kali kwenye maegesho. Nghĩa alibaki akipigwa picha na kina mama waliomminya mashavu. Ndani ya gari kulikuwa kama tanuri, Thục akashusha vioo na kuanza kusema asiyoweza kuyazuia: kwamba si aliwaambia, kwamba vọng cổ na hip hop ni damu moja, kwamba kesho dukani watamkoma. Mama yake alikuwa ameushika mkoba mapajani kwa mikono miwili. Thục akakumbuka.

"Ile santuri nitaivunja leo leo, mama. Nisamehe."

"Nani kakutuma uivunje?" Bi Liễu alifungua mkoba, akatoa kanda. "Pandisha vioo."

"Tutaiva, mama."

"Pandisha."

Thục alipandisha. Bi Liễu aliichomeka kanda mwenyewe. Ngoma zilipita, mwanamke akaingia na "ơi" yake, ikapanda, ikashuka, mashine ikamkata pale pale ilipomkata siku zote. Bi Liễu hakukatika. Aliendelea na yaliyofuata, yale ambayo watoto wake hawakuwahi kuyafikisha, mstari kwa mstari mpaka mwisho, kwa sauti ndogo, kwa lafudhi ya kaskazini ambayo Thục hakujua kama mama yake anaiweza. Jasho na machozi vilimshuka pamoja na hakuvifuta.

"Nilichukia kila neno," alisema alipomaliza. "Lakini miaka ile sikuwa na sauti nyingine ya kuamka nayo."

Mama mmoja mwenye áo dài ya kijani alipita karibu na gari, akainama kuwapungia mkono. Thục alimpungia, kisha akakagua tena vioo kama vimefunga vizuri.

"Irudishe mwanzo," alisema Bi Liễu.