Ng'ombe wa Abbasi

Blanketi lilikuwa bado halijapoteza mikunjo ya dukani barua ilipokuja kulidai. Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyeileta. Akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, akasema ana haraka, akaondoka bila kukaa. Yotham aliisoma amesimama, mgongo kaupa upepo wa Julai, ule upepo wa Dodoma usiobisha hodi. Mara ya pili aliisoma amekaa. Mara ya tatu hakuisoma tena. Aliitazama tu, kama mtu amtazamavyo nyoka aliyekwisha kuuma.

Ilisema kwamba posho ya kipupwe, shilingi laki moja na nusu alizolipwa mwezi wa sita kwa kuwa ni mstaafu aliyevuka miaka sabini, alilipwa kimakosa. Posho ile haikuwahusu wenye kipato. Mwenye ng'ombe zaidi ya watano ana kipato. Naye, kwa kauli ya kinywa chake mbele ya karani aliyepita kuhakiki, ana ng'ombe tisa. Fedha yote ingekatwa kwenye pensheni yake kwa miezi mitatu, ila kama angekanusha kwa maandishi ndani ya siku kumi.

Ndivyo walivyo hao. Hulipa kwanza, huuliza baadaye, na mtu akishakula ndipo humwambia kwamba chakula kilikuwa cha mwingine.

Kutoka ndani Hilda alikohoa. Kikohozi cha mkewe Yotham alikijua kama alivyojua zamani mlio wa reli iliyolegea: kilianza chini, kikapanda, kikakwama. Kipupwe cha mwaka jana kilimlaza hospitali siku kumi na moja, na daktari alisema kifua kile hakitavumilia baridi nyingine kama ile. Mwaka huu posho ilikuwa imeleta mablanketi mawili, dawa, na gunia la mkaa ambalo sasa lilikuwa limefika nusu.

Nyumba yenyewe ilikuwa adui. Yotham alikumbuka, maana hakuwahi kujaliwa kusahau, mwaka wa amri ya kuezeka bati, alipokuwa kijana, vijana wenzake waliovaa mashati ya kijani wakaja na sururu kuvunja matembe. Tembe ni ushamba, waliambiwa. Mtu mstaarabu hulala chini ya bati. Baba yake alisimama akitazama kuta nene za udongo zikianguka, kuta ambazo kwa miaka thelathini zilifuga joto kama kuku anavyoatamia mayai. Ubavu mmoja tu ulinusurika, wa nyuma, ulioachwa kwa ajili ya ng'ombe. Binadamu wakapewa bati. Ng'ombe wakabaki na joto.

Na hao ng'ombe tisa, wawili tu ndio waliokuwa wake.

Saba walikuwa wa Abbasi, Mrangi wa Kondoa, aliyefanya naye kazi ya kutengeneza njia ya reli kule Gulwe kwa miaka ishirini na miwili. Kila mafuriko yalipokuja walikuwa wakizamisha miguu katika tope lilelile na kunywea kikombe kimoja. Ugonjwa ulipomshika, Abbasi alimletea mifugo yake mmoja mmoja, kama mtu anayehamisha moto kabla ya mvua. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Asma. "Ndugu zangu nawajua," alisema, na hakusema zaidi. Arobaini ilikuwa haijaisha ndugu yake Ibrahimu alipochukua nyumba na shamba. Kitabu cha Mungu kilimpa binti haki yake. Ibrahimu alikisoma mpaka kwenye ukurasa uliompendeza, akakifunga. Ng'ombe aliwatafuta Kondoa nzima na bado alikuwa akiulizia. Sasa Asma alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na kila Januari dume mmoja alikwenda mnadani kwa jina la Yotham, akarudi kama karo.

Kwa hiyo karani alipoegemea boma mwishoni mwa mwezi wa sita na kuuliza hawa ng'ombe ni wa nani, Yotham alijibu kama baba yake angejibu, na babu yake. Ng'ombe wa kuwekeshwa hatajwi mwenye mali. Unakunywa maziwa yake, unamtibu akiugua, unamlilia akifa, na akija mtu kuuliza unasema: wangu. Asemaye vinginevyo hakuna atakayemwekesha hata kifaranga. Karani aliandika tisa, akashukuru, akapanda pikipiki yake.

"Usiende kugombana," Hilda alimwambia asubuhi ya pili, alipomwona akipiga pasi shati la kustaafia. Alimwuliza kama atasema ng'ombe ni wa nani. Yotham akajibu kwamba hajui. Ulikuwa ukweli.

Ofisi ya wastaafu ilikuwa mtaa wa Kikuyu, mjini Dodoma, na hotuba aliyoitunga njiani ilikuwa ndefu. Ilianzia kodi ya kichwa aliyotozwa babu yake, ikapitia matembe, ikafika mwaka walipopunguzwa kazini kwa barua ya mistari minne. Lakini aliyemkuta mezani alikuwa msichana, kwa kitambulisho chake Angelina, aliyeinuka akampa kiti na kumwamkia shikamoo, na hotuba ikakosa pa kuanzia. Akaishia kuuliza tu kwamba kati ya ng'ombe na mkewe, nani anahitaji mkaa.

"Mzee wangu, mimi sikukatalii. Ni mfumo. Umesoma tisa, ukafunga."

"Huo mfumo una miguu? Uje nyumbani uhesabu na mbavu za mke wangu."

Angelina alikaribia kucheka, akatazama mlango, akajizuia. Akateremsha sauti.

"Hawa tisa, ni wako kweli?"

Yotham alinyoosha kola ya shati lake.

"Kama kuna wa mtu, sema. Fomu hii hapa. Andika jina la mwenye mali, na mrithi wake kama amefariki. Inabandikwa siku kumi na nne. Asipotokea wa kupinga, fedha inabaki yako, na mwakani unapata tena."

"Inabandikwa wapi?"

"Kwenye ubao wa Msalato. Pale mnadani."

Kila Jumamosi Ibrahimu alikuwa pale mnadani, akinunua mbuzi, na hakuna karatasi iliyobandikwa ukutani aliyoipita bila kuisoma.

Yotham alishika kalamu. Zamani, baada ya mafuriko fulani Gulwe, mkubwa mmoja kutoka makao makuu alimwamuru aandike kitabuni kwamba njia ni salama, treni ipite. Alikataa. Treni ikasimama siku mbili, mkubwa akimtukana, hata tuta likaporomoka lenyewe mchana kweupe mbele ya macho ya wote. Hakuna aliyemshukuru, na cheo kilikwenda kwa mwingine. Lakini tangu siku ile alikuwa na neno lake la kujifunika: kalamu yangu haijasema uongo.

Na sasa ukweli ulikuwa umelala mezani, karatasi moja tu, mistari sita. Ungemletea Hilda moto mpaka Septemba. Hakuna mtu angemlaumu. Hata mchungaji angemsifu. Aliutazama ukweli ule, akaona kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake ulikuwa umesimama upande wa Ibrahimu.

"Nipe ile nyingine," akasema.

"Ipi, mzee?"

"Ya kukiri."

Angelina alimweleza taratibu kwamba akikiri jina lake litafutwa kabisa. Mwakani hatapata, wala mwaka utakaofuata. Alisema mara mbili, kama mtu anayemsomea mgonjwa kipimo cha dawa. Yotham aliandika kwa mwandiko uleule wa kitabu cha reli, uliosimama wima: ng'ombe tisa, wote ni wangu. Akaweka sahihi.

Msichana aliichukua karatasi. Akakaa na mhuri mkononi bila kuugonga.

"Kwetu Mvumi," alisema, akiitazama karatasi, si yeye, "baba ana kumi na wawili. Wake ni wanne."

Akagonga.

Yotham alifika nyumbani jua likizama, upepo ukipiga bati kama mdai. Jiko lilikuwa nje, limezimwa, gunia limefungwa kamba. Chumbani kitanda hakikuwapo. Kwa kitambo alisimama katika ile nafasi tupu sakafuni, kisha akasikia kikohozi kutoka nyuma, kwenye ubavu wa tembe.

Hilda alikuwa amekihamisha kitanda vipande vipande, peke yake, na kifua kile. Alikuwa amekifunga upya pembeni ya ukuta mnene, nyuma ya kizuizi cha miti, na amekaa juu yake, blanketi jipya mabegani. Upande wa pili ng'ombe walikuwa wamelala, pumzi zao zikipanda na kutanda chini ya dari la udongo, joto zito lenye harufu ya nyasi na samadi. Yule jike mweupe wa Abbasi alikuwa amepitisha kichwa kati ya miti, akilamba pindo la blanketi.

Yotham alivua viatu.

"Umesema ni wa nani?" Hilda aliuliza.

"Wangu."

Hilda alisikiliza pumzi yake mwenyewe ikikwama na kukwamuka.

"Basi mwambie ng'ombe wako asogee," akasema, "upate pa kukaa."