Saa Iliyokuwa na Kamba Mbili

Haya ni kweli tupu, naapa kwa masharubu yangu niliyoyafuga miaka arobaini. Nikiongeza chumvi hata punje, yanyolewe.

Mchana mmoja baada ya chakula, mimi, fundi saa mstaafu, niliingia ndani ya kompyuta kwa miguu yangu mwenyewe.

Nianze na sababu. Binti yetu anafanya kazi ng'ambo, mahali ambako wako nyuma yetu kwa saa saba. Mama yake hesabu hiyo haimkai kichwani. Mwezi uliopita alimpigia simu akamkuta ndiyo kwanza amelala, ametoka zamu ndefu, na binti akasema kwa upole, "Mama, ungeniacha kidogo nilale." Upole ule ndio uliomchoma. Tangu siku hiyo mke wangu hakupiga tena. Alikaa tu dirishani, simu mapajani, akikifuta kioo chake kwa pindo la nguo, kikiwa safi tayari.

"Mpigie," nikamwambia.

"Nikimwamsha tena je?"

"Basi nitakutengenezea saa mbili kwenye kompyuta. Ya kwetu na ya kwake. Ukiona kwake kumekucha, unapiga."

"Wewe mzee? Kompyuta?"

"Jumamosi, saa nane mchana. Naapa kwa masharubu."

Mjukuu wetu, mtoto wa binti huyohuyo, anaishi nasi na anasomea mambo ya kompyuta chuoni. Akaangua kicheko. "Bibi, tafuta wembe mapema. Huyu mume wetu anakwenda kunyolewa."

Nikaazima kompyuta yake na kitabu chake cha Java, lugha ya kuiandikia kompyuta maagizo, kilichotoka jalada. Kitabu kilisema kwanza uandike klasi, yaani mchoro wa kitu: saa ina mshale mrefu na mshale mfupi, inajua kwenda mbele na kurudi nyuma. Nikacheka peke yangu. Michoro ya namna hiyo nimelala nayo na kuamka nayo maisha yangu yote. Lakini hakuna mtu aliyewahi kusoma saa kwenye mchoro. Lazima saa yenyewe iundwe, na kwenye Java kuunda ni neno moja fupi, *new*. Siku ya tatu, baada ya kukosea mara zisizo na idadi, nikaandika:

*Saa yetu = new Saa();*

Ikachomoza kwenye kioo, duara jeupe, mishale ikitembea taratibu kama watu wanaotoka kusali.

Na ya pili? Hapo ubahili wa fundi ukanishika. Saa imeshaundwa, inakwenda vizuri, ya nini kuanza upya? Nikaandika:

*Saa yake = yetu;*

Yakawa maduara mawili. Nikaiambia *yake* irudi nyuma saa saba. Ikarudi, na *yetu* nayo ikarudi. Nikaisukuma *yetu* mbele, *yake* ikafuata kama kondoo. Siku nzima nikawa nazirudisha na kuzipeleka, zinakwenda pamoja, zinarudi pamoja.

Joto lilikuwa limelala juu ya paa. Pazia likavuta pumzi, likaishusha. Nikasogeza uso karibu na kioo, kama nilivyokuwa nikiusogeza kwenye tumbo la saa mbovu, na kioo kikawa laini kama maji ya beseni. Nikapita.

Ndani kulikuwa na ukuta wa rangi ya maziwa, mrefu, usio na mwisho. Umepigwa misumari safu kwa safu, na chini ya kila msumari kuna kibao cha jina. Misumari mingi haikuwa na kitu. Majina yake yalinong'ona kama abiria wanaongoja jamaa zao. Nikatembea muda ambao sikuweza kuupima, kwani hata saa ya mkononi mwangu ilikuwa imegeuka unga. Mwisho nikaviona vibao viwili ninavyovijua: *yetu*, *yake*. Kila msumari ulifungwa kamba nyembamba, na kamba zote mbili zikashuka, zikashuka, zikaishia kwenye saa moja tu, inayoyumba polepole kama mtoto kwenye bembea. Nikavuta kamba ya kulia, saa ikapanda. Nikavuta ya kushoto, saa ileile ikapanda. "Loo," nikasema, "kitu kizuri hiki," nikakaa chini kukitazama. Nyuma ya ukuta nilimsikia mke wangu akifuta simu.

Nilipotoka nilikuwa na alama za vibonye shavuni. Nani anataka ushahidi zaidi ya huo?

Jumamosi ikafika, nami bado sijaelewa nilichoonyeshwa. Lakini fundi hakosi njia. Drooni nilikuwa na saa ndogo ya mfukoni, uso mweupe, ukubwa uleule. Nikairudisha nyuma saa saba, nikaibandika kwa gundi juu ya duara la pili, nikaficha kingo kwa karatasi nyeupe, nikavuta pazia nusu.

Saa nane kamili mke wangu akaingia akinyata, kama anayeingia chumba cha mtoto mchanga.

"Kwetu saa nane," akasoma. "Kwake saa moja asubuhi. Ina maana ameamka?"

"Ameamka. Anachemsha chai."

Kidole chake kikaelea juu ya jina la binti. Umeme ukakatika.

Kioo kikawa cheusi. Saa yetu ikatoweka. Saa yake ikaendelea: ka, ka, ka, ka.

"Babu," mjukuu aliyeingia nyuma ya bibi yake akasema, "mbona hii ya mama haitaki umeme?"

"Ndiyo maajabu ya Java, mjukuu wangu. Kitu kikiundwa vizuri hutoka nje ya kioo chenyewe. Mimi mwenyewe nilipoingia mle ndani..."

Akaibandua kwa ukucha. "Na hutoka na gundi?"

Mke wangu hakucheka. Aliondoa kidole, akairudisha simu mapajani. Nikaungama yote: saa zinazofuatana, ukuta, misumari, kamba mbili.

Mjukuu akaiweka ile saa ya mfukoni mezani. "Babu, ulichokiota ndicho kilichopo."

"Sikuota."

"Haya, huko ulikokwenda. Umeunda saa moja, ukaipa majina mawili. Jina ni kamba tu. Ukitaka saa ya pili, iunde."

Umeme uliporudi nikafuta, nikaandika kwa kidole kimoja:

*Saa yake = new Saa();*

Nikairudisha nyuma saa saba. Ikarudi peke yake. Yetu haikutikisika. Chumba kizima kikatulia kuzitazama.

"Piga sasa," nikamwambia mke wangu.

"Sipigi kwa saa ya mwongo. Lipa kwanza."

Nikalipa. Povu, wembe, mkono wake mmoja umenishika kidevu. Miaka arobaini ikaanguka kwenye taulo. Kisha akapiga, na uso wa binti ukajaa kwenye simu, kikombe mkononi.

"Mama! Umejuaje kama nimeamka?" Akakodoa macho. "Na huyo mzee nyuma yako nani? Umeolewa tena?"

"Ni yuleyule, mwanangu," mke wangu akasema, akicheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule. "Sikuunda mwingine. Nimembadilisha mdomo wa juu tu."

Ndivyo ilivyokuwa, neno kwa neno. Sasa hivi mke wangu amesimama nyuma ya kiti changu, amesoma mstari wa kwanza juu ya bega langu.

"Unaapa kwa masharubu yapi?" ameuliza, na amekwenda kuuleta wembe. Zimebaki nyusi.