Ndege Chini ya Kiatu

Mgeni hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa chumba cha sanaa kwa nyonga, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Mmoja ulishika mfuko wa turubai, mwingine uliinua kiatu cheusi cha shule, soli ikitazama juu, kama mtu aliyemkamata panya mkiani.

"Mwenye kiatu hiki ni nani?"

Kidato cha tatu kizima kikageuka. Kwenye stuli ya mwisho, msichana waliyemwita Kinyoya kwa wembamba wake aliinamia miguu yake, ingawa alijua fika kwamba leo alikuwa amevaa viatu vya dada yake, vilivyojazwa magazeti kwenye ncha. Kiatu kile kilikuwa chake. Mama yake alikipeleka kwa fundi juzi, akishangaa soli ya muhula mmoja imetobokaje. Kinyoya hakushangaa. Aliitoboa mwenyewe.

Shule haikuwa na mbao wala raba ya kuchonga. Mwalimu wa sanaa aliwafundisha kuchapa picha kwa viazi vilivyokatwa katikati, na viazi, hata uvihifadhi vipi, Jumatatu vinanuka. Kinyoya alitaka kitu kitakachodumu. Basi siku moja alivua kiatu cha kulia, akashika wembe, akachonga ndege kwenye soli. Kwa wiki tatu, kila alipokanyaga tope aliacha ndege nyuma yake. Wiki ya nne maji yakaanza kuingia.

"Mimi ni fundi viatu wa pale kona ya stendi," mgeni aliendelea. "Wananiita Mama Soli. Miaka ishirini natazama chini ya viatu vya watu. Nimeona misumari, nimeona vioo, nimeona mambo ambayo siwezi kuyasema mbele ya watoto. Ndege sijamwona. Sasa nauliza tena."

"Jitokeze tu," alinong'ona jirani yake, msichana mcheshi aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuwa na pa kuzimia. "Wakikufunga nitakuletea uji."

Kinyoya akasimama. "Ni mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekata kwa kitu gani?"

"Kwa wembe."

"Nilijua. Hizi mbawa hukuzikata, umezichana. Ndege mwenyewe mzuri, anataka kuruka kabisa. Ila mkato ni wa mtu anayekimbizwa."

Darasa likaangua kicheko, na Kinyoya akacheka nalo kwa ahueni. Mwalimu wa sanaa alikuwa kijana, mwaka wake wa kwanza kazini, na mwalimu mwingine angeuliza mgeni ameruhusiwa na nani. Yeye alifuta kiti vumbi kwa aproni yake.

"Karibu uketi, mama. Tuonyeshe namna ya kukata."

Mama Soli alimwaga mfuko juu ya meza. Yalitoka mabaki ya raba za soli, visu vitatu vifupi na jiwe la kunolea lililoliwa katikati kama tandiko la baiskeli. Alitia kisu makali bila haraka, akachora duara kwenye raba kwa chaki, kisha akalikata. Kinyoya alisogea mpaka akasahau adabu. Kisu hakikusogea! Kilisimama mahali pamoja, na mkono wa kushoto ndio uliokuwa ukizungusha raba, polepole, hadi duara likafunga bila kona hata moja.

"Kisu ukikizungusha kitakuasi," Mama Soli alisema. "Zungusha kazi. Kisu kiache kisimame kama mzee wa familia."

Tangu siku hiyo alikuja kila Alhamisi, saa ambazo wateja wake wengi walikuwa kazini. Mwezi haukuisha, darasa zima likawa linachonga. Kiatu cha Kinyoya kilirudi na soli mpya, na ile ya zamani, yenye ndege, Mama Soli alibaki nayo kibandani. Hakusema anaifanyia nini.

Ukutani, karibu na sinki, palikuwa na tangazo la maonyesho ya shule za sekondari. Kila shule ingepeleka kazi moja. Wanafunzi watatu wangechaguliwa kwenda chuo cha usanifu likizo ndefu, kujifunza uchapaji kwa mashine halisi. Kinyoya alikuwa na nakala ya tangazo hilo kwenye daftari lake. Alikuwa ameikunja na kuikunjua mpaka ikakatika vipande vinne, na vyote vinne alikuwa navyo. Na alishajua atachora nini. Angechora mikono ya Mama Soli ikivuta uzi wenye nta, pamoja na kile kidole gumba chenye kucha pana kama koleo.

Alipoomba ruhusa, Mama Soli alimtazama juu ya miwani.

"Nyie wachoraji mnachukua viungo vya watu mnaondoka navyo. Mimi nabaki na nini?"

"Nitakupa nakala moja."

"Ipi? Maana watu hunipa kilichobaki. Mimi nataka ile bora kuliko zote."

"Nitakupa ile bora," Kinyoya alisema, upesi, kama mtu anavyoahidi mavuno kabla ya kupanda.

Njia aliyoichagua ilikuwa ya raba moja tu kwa rangi tatu. Unachonga kidogo, unachapa njano kwenye karatasi zako zote. Kisha unaichonga raba ileile tena, unachapa nyekundu juu ya njano. Unachonga tena, unamalizia kwa nyeusi. Kila hatua inakula ile iliyotangulia, na ukishakata huwezi kurudi. Karatasi ulizoanza nazo ndizo utakazokuwa nazo, na hakuna ya ziada itakayozaliwa. Kinyoya alianza na kumi.

Hawakuwa na mashine, hivyo walilaza karatasi juu ya raba yenye wino na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Njano ilikwenda salama, isipokuwa karatasi moja iliyochanika wakati wa kubanduliwa. Nyekundu ilikuwa balaa. Siku hiyo mvua ilinyesha, karatasi zikavuta unyevu na kutanuka unywele mmoja, na unywele mmoja katika kazi hiyo ni maili nzima. Sita zikaharibika. Ya saba, Redio alipiga chafya akiwa ameshika rola ya kupakia wino.

"Nisamehe, dada," Redio alisema, machozi yakimlenga. "Nipige hata kofi."

"Nikupige kofi itengenezeke?"

Zikabaki mbili. Kwa nyeusi Kinyoya hakuruhusu mtu apumue karibu. Alipobandua ya kwanza, Redio aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mikono ilikuwa pale hai, uzi umekazwa, nta iking'aa kwenye mikunjo ya vidole. Mwalimu alivua kofia yake, akaivaa tena, akaivua. Ya pili ilikuwa nzuri pia, ila rangi nyekundu ilikuwa imeteleza upande, na kile kidole gumba kikaonekana kina kucha mbili.

Siku mbili baadaye, wino ulipokauka, mwalimu alimweleza bila kuzunguka. Jambo la kwanza ambalo waamuzi wangelitazama ni kama kila rangi imekaa mahali pake. Na kazi zikishapokelewa hazirudishwi. Kesho asubuhi lazima moja iende.

"Sitakuambia upeleke ipi," alisema. "Lakini sitakuficha, natamani uende kule kuliko ninavyoweza kusema."

Kinyoya alizitia zote mbili kati ya maboksi yaliyokatwa, akaelekea stendi. Njiani alipanga maneno. Mama Soli, naomba uchukue hii nyingine, ni karibu sawa. Alijaribu kuongeza, kasoro ni kidogo tu. Alijaribu kusema tafadhali. Maneno yalimkaa mdomoni kama kokoto.

Kibandani wateja wawili walikaa kwenye benchi, kila mmoja na mguu mmoja mtupu. Juu ya vichwa vyao, pale palipokuwa na kalenda kuukuu, ubao ulikuwa umesuguliwa mpaka ukawa mweupe. Misumari midogo ya viatu ilikuwa imeshapigwa nusu, mmoja kila pembe, na nailoni safi ya kukinga mvua ilining'inia kwenye ile miwili ya juu, imekatwa sawasawa na ukubwa wa karatasi ya Kinyoya. Chini kidogo, ndege wake wa soli alikuwa tayari ukutani.

"Ndiye huyo," Mama Soli aliwaambia wateja. "Si niliwaambia picha inakuja? Haya, Kinyoya, nimepima kwa macho. Nikikosea nitaacha kazi."

Maneno ya njiani yakapotea. Kinyoya akafungua maboksi, akatoa ile nzuri.

Mama Soli alifuta mikono kwenye kanga, akafuta tena, kisha hakuigusa. Aliisogelea tu, pua karibu na karatasi, akifuata mkato mmoja baada ya mwingine.

"Hapa ulizungusha raba," alisema taratibu. "Hapa pia. Hapa hukuinua kisu kabisa." Akasogeza miwani. "Sikujua mikono yangu ina heshima hivi."

Kisha jicho lake, jicho la miaka ishirini, likaona ncha ya karatasi ya pili. Akaivuta, akatazama, akaelewa.

"Hii yenye kucha mbili inakwenda wapi?"

"Kwenye maonyesho."

"Na ile?"

"Ile ni yako."

"Mwanangu, usiwe mjinga. Nipe hii. Kucha mbili zitanisaidia kazi, wateja ni wengi."

Wateja walicheka. Kinyoya hakucheka. Vipande vinne vya lile tangazo vilikuwa mfukoni mwa sketi yake, na aliviona vizito kwa namna ambayo karatasi haistahili kuwa nzito. Alipanda juu ya benchi katikati ya watu wale wawili, akaitelezesha ile nzuri chini ya nailoni, akainyoosha kwa kiganja. Ilikaa sawasawa. Mama Soli hangeacha kazi.

"Tulisema ile bora," Kinyoya alisema, akashika pembe ya juu kwa kidole kimoja. "Piga msumari, Mama Soli. Upepo utaichukua."